Mwamba wa Mama na Kishale Kisichotulia

Kuna hasira nyingine hazizeeki. Mpaka leo nikigusa tachipedi ya kompyuta ya mtu, kile kibao cha kusogezea kishale cha skrini, kwanza nakagua mipangilio yake, kama anayempekua mwizi mfukoni.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimezaliwa kisiwani Juani, maji pande zote, lakini kuvuka tu kwenda Chole, kisiwa cha jirani, nafumba macho. Wenzangu walipokwenda kuvua, mimi nilikaa barazani na kidato changu cha nne, mpaka nikapata kazi ya mtu wa namna hiyo: kuchora ramani kwenye kompyuta ya kamati ya kijiji. Ilikuwa miaka ya kupanga mipaka ya hifadhi ya bahari. Kila mwamba ulitakiwa uwe upande mmoja wa mstari, huku ruhusa kuvua, kule marufuku, na kijiji kilitakiwa kupeleka pendekezo lake.

Pembeni kabisa mwa mstari wetu kulikuwa na mwamba wa mama. Nauita wake kwa sababu ndio uliotulisha. Maji yakitoka sana, yeye na wenzake walikwenda kwa miguu, fimbo mkononi, kutafuta pweza mashimoni. Mstari ukiumeza mwamba ule, pweza basi.

Sasa kompyuta ilikuwa moja, na tuliitumia wawili: mimi na katibu wa kamati, aliyeichezea karata. Bwana yule alitaka kishale kiruke kama panzi. Mimi mstari wangu ulikuwa na vinundu, vidoti vya kuupindia. Unashika kinundu, unakiburuta polepole mpaka mahali pake. Nikasogeza kidole kidogo tu, kinundu kikatua karibu na Kilwa.

Nikapunguza kasi. Kishale kikawa konokono. Nikachoka kukisukuma, nikavuta kwa nguvu, kikaruka tena! Nikasonya, nikaipiga meza.

Mama alikuwa anakuna nazi kando yangu, barazani kwetu. Akanitazama weee, kisha akasema, "Baba, mbona unamkimbiza kama kuku? Ukikimbia, naye si anakimbia?"

"Mama, hii ni kompyuta."

"Haya. Kuku wa kompyuta."

Nilinuna. Lakini nikajaribu: kidole umbali uleule, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili haraka. Taratibu, kikasogea kidogo. Haraka, kikavuka skrini nzima. Kumbe mashine ilikuwa inapima hasira yangu na kuizidisha! Chini ya kasi, kwenye mipangilio, kulikuwa na kitu cha pili, mchapuko, yaani kuongezeka kwa kasi, neno lilelile lililonifelisha fizikia. Nikauzima, kasi nikaiweka ya kati. Kinundu kikatembea kama mtu mwenye adabu. Mstari ukapita nje ya mwamba, ukauacha upande wa ruhusa.

Jioni katibu akaichukua kompyuta "kuikagua". Nilijua anakwenda kukagua nini.

Kesho yake mkutano ulikuwa darasani, ramani imemulikwa ukutani, wageni wa hifadhi wamekaa mbele. Katibu akataka kurekebisha jina moja lililokaa vibaya. Mkono wa haraka, mchapuko wake ameurudisha. Akashika kinundu badala ya jina. Mbele ya watu wote mstari ukaruka, ukaumeza mwamba wa mama.

"Imesogea kidogo tu," akasema.

Mama akasimama. "Katibu, mwanangu, mwamba wangu umeupeleka wapi?"

"Subiri, bibi, naurudisha."

Akavuta, mstari ukapanda nchi kavu. Akavuta tena, ukarudi kuumeza. Programu ile ya bure haikujua kutengua kosa. Jasho likamtoka. Mgeni mmoja akatazama saa, akauliza, "Basi tuuache hapo, tuendelee?"

Sikuwa nimewahi kusimama mkutanoni. Siku ile nilijikuta nimeshafika mbele kwa hasira.

"Toa mkono."

"Wewe? Hata Chole unaogopa kuvuka!" Darasa zima likacheka.

"Naogopa. Toa mkono."

Sikugusa ramani. Nilifungua mipangilio kwanza, watu wakinung'unika kwamba napoteza muda. Nikauzima mchapuko wake. Ndipo nikashika kinundu, kikaanza kutembea ukutani.

"Bado," akasema mama. Wanawake wenzake wakaitikia, "Bado... bado... hapo!"

Nikahifadhi, nikampa mgeni nakala palepale. Katibu akaninong'oneza, "Basi nirudishie mchapuko ulivyokuwa."

"Kajifunze kucheza karata taratibu," nikamwambia, na sikumrudishia.

Tukafika uani, mama akanigeukia. "Miaka yote nakuita twende mwambani hutaki," akasema. "Leo umefika, na hata unyayo haujalowa."

Nilikuwa bado na hasira, sikumpa raha ya kunicheka. Maji yalipotoka sana akachukua fimbo yake akaenda mwambani. Mimi nikabaki barazani.