Kiapo cha Mbishi

Mtaani mwanamke huyu walimwita Mbishi, na hakuwahi kulikana jina hilo. Alibishana na mwenye nyumba, akabishana na muuza maziwa, akabishana hata na daktari. Mashine ya kukatia maboksi, kiwandani alikofanya kazi, ilipomnyang'anya mikono yote miwili, daktari alimwambia sasa atulie nyumbani ahudumiwe. Atulie kwa lipi? Alijifunza kufungua bomba kwa mguu, kuwasha redio kwa mguu, na kumfinya kaka yake kwa mguu kila alipomwonea huruma kupita kiasi.

Kiwanda kilidai alijitakia mwenyewe. Uongo mtupu. Kinga ya mashine ile iling'olewa ili kazi iende mbio, na wafanyakazi wote walijua, ila walifyata mkia. Mbishi akaenda mahakamani. Kwa kuwa alilazwa muda mrefu, muda wa kufungua kesi ulikuwa umempita, hivyo ilimbidi kwanza aombe aongezewe, na ombi hilo haliendi bila hati ya kiapo. Kiapo kikikataliwa, ombi linakufa, na kesi yake inazikwa hapo hapo.

Karani wa masjala alimshauri kaka mtu atie sahihi kwa niaba yake, mambo yaishe. Mbishi akakataa katakata.

"Kaka yangu hakukatwa kitu," alisema. "Naapa mwenyewe."

Akaenda kwa kamishna wa viapo, akavua kiatu, akakanyaga wino, akakigandamiza kidole gumba cha mguu chini ya maelezo yake.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa kiwanda alisimama na pingamizi. Alikuwa mtanashati, sauti laini, haya hana hata chembe. Kanuni, alisema, inamtaka asiyeweza kuandika aweke alama ya kidole gumba cha mkono. Mguu haukutajwa popote. Kisha akatoa uamuzi wa zamani wa mahakama ya juu, uliotupilia mbali kiapo cha mzee mmoja kwa sababu alama ilikuwa ya mwanawe. Kanuni ni kanuni, akamalizia, hata ikiuma. Yaani kiwanda kile kile kilichomeza vidole vya mtu sasa kilimdai avilete mahakamani. Mbishi alichemka kwa hasira, ila wakili wake, msichana ambaye Mbishi alimwita mwanangu, alimgusa bega.

Msichana yule hakuzunguka mbuyu. Yule mzee, alieleza, alishindwa kwa kuwa mwenye kiapo hakuapa. Huyu kaapa mwenyewe, kwa mwili wake mwenyewe.

"Mheshimiwa, kanuni inataka kujua nani ameapa," alisema. "Haikutungwa kuwafungia mlango waliokatwa mikono."

Jaji alisoma uamuzi ule wa zamani kimya, akarudia ukurasa mmoja, akasema anauheshimu na unamfunga, lakini ulihusu mtu kuapiwa na mwingine, jambo ambalo halikutokea hapa. Pingamizi likatupwa. Hata hivyo, asije mtu akalalamika baadaye, akaagiza alama iwekwe upya mbele ya mahakama.

Karani akaweka kidau cha wino sakafuni, na karatasi kando yake. Mbishi aliviangalia, asisogee.

"Meneja wa kiwanda naye ameleta kiapo chake," alisema. "Alitia sahihi wapi?"

Karani akababaika. Akasema mezani, nadhani.

"Basi na mimi mezani."

Kaka yake, huko nyuma, aliinamisha kichwa kwa aibu. Jaji alivua miwani, akamwashiria karani aokote wino na karatasi, aviweke mezani. Mbishi akavuta kiti kwa mguu, akaketi, akavua kiatu, akaupandisha mguu wake mtupu juu ya meza ya mawakili. Wakili wa kiwanda akakusanya makaratasi yake haraka haraka, akampisha.