Ulimi wa Ferista

Pale Ivuna, mwanamke aliyepika chumvi hakuiuza mpaka Ferista aionje. Alilamba ncha ya kidole, akafumba jicho moja, akasema, "Hii bado ina udongo," au, "Hii peleka." Basi, neno limekwisha. Wachuuzi waliopanda nayo hadi Mlowo hawakuuliza imepikwa na nani. Waliuliza kama Ferista ameionja. Naye alijua hivyo, na alijivuna, tusimfiche.

Mwaka ambao nzige walikomba mtama wote wa bonde, jirani yake Tulinagwe, mjane aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto Songwe, alimletea kapu la mihogo michungu. Watu wa pale walikuwa watu wa mtama. Mihogo ya namna hiyo hawakuizoea.

"Mama, uloweke siku nne," Tulinagwe alimwambia. "Nne kamili, ndipo upike."

Siku ya pili, mjukuu wa Ferista, Tabita, mtoto wa miaka minne, alichutama tangu asubuhi kando ya mtungi ilimolowekwa mihogo. Mama yake alikuwa amekwenda kwao kutafuta chakula.

"Bibi, tayari?"

"Bado, mke mwenza," Ferista alijibu, akimtania kama bibi anavyomtania mjukuu wa kike.

"Bibi, tayari?"

Mbavu za mtoto zilionekana zote. Ferista alikuwa kwenye vyungu vya chumvi, akionja maji yake tangu jua lichomoze. Akaja, akatoa muhogo mmoja, akaumega, akaulamba. Hakusikia uchungu. Angeusikiaje, na ulimi umejaa chumvi? Lakini ulimi ule ulikuwa haujawahi kumwongopea.

"Uchungu umetoka," akasema. "Leo tunakula."

Walikula sahani moja, yeye, mwanawe Amoni, baba yake Tabita, na mtoto. Jua halijashuka, Ferista alikuwa anatapika, kichwa kinamzunguka. Amoni naye akatapika. Tabita alihema harakaharaka, akakakamaa mikono na miguu, kisha akatulia. Hakuamka tena.

Walipotoka kuzika, Amoni alikwenda na wanaume watano mpaka mlangoni kwa Tulinagwe, panga mkononi. Chakula kimoja, sahani moja, watu wazima wamepona, mtoto amekufa. Kama si uchawi ni nini? Wakampa mpaka jioni awe ameshaondoka, la sivyo nyumba ingechomwa naye akiwa ndani. Tulinagwe alishika mwimo wa mlango. "Nilisema siku nne," alisema, na hakuna aliyemsikiliza. Ferista, aliyewafuata nyuma, alimsikia. Akatazama chini.

Ezron, dresa wa serikali aliyetibu watu vijijini, alikuwa bondeni akichanja watu ndui. Aliposikia habari akaja pale mlangoni na sanduku lake.

"Muhogo huu una sumu yake wenyewe," alisema. "Maji huitoa polepole. Ikibaki, haijali nani mwema nani mbaya, inajali ukubwa wa mwili. Kiasi kinachomtapisha Amoni kinamuua mtoto, tena mtoto mwenye njaa. Mliloweka siku ngapi?"

Amoni hakujua, mambo ya mtungi yalikuwa ya mama yake. Ferista angesema nne, angebaki Ferista yule yule, na Tulinagwe angefunga virago. Nani angebisha? Tulinagwe alimtazama, na mtazamo ule Ferista hakuweza kuuvumilia.

"Mbili," alisema. "Mwenzangu aliniambia nne. Mimi nilionja, nikasema uchungu umetoka. Mwanangu, aliyemuua Tabita ni mimi."

Amoni alidondosha panga, akaondoka. Miaka mitatu hakumwita mama.

Tulinagwe alibaki. Ferista hakuonja tena chumvi ya mtu; walioileta aliwarudisha nayo, hata walipomsihi. Alipoloweka mihogo aliweka kokoto moja kando ya mtungi kila asubuhi, na hakuugusa kabla kokoto hazijawa nne. Wanawake wa jirani wakaiga, mpaka ikawa desturi yao.

Lakini siku ya kokoto ya pili, miaka yote mpaka amezeeka, waliopita uani kwake walimkuta amechutama peke yake akizungumza na mtungi. Walinong'ona kwamba akili zimemruka. Hazikumruka. Alikuwa anaulizwa, naye anajibu.

"Bado, mke mwenza. Bado siku mbili."