Mkwe wa Kuazima

Mkinicheka ni haki yenu, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile najifunika kitenge usoni hata nikiwa peke yangu jikoni. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, nilijikuta mbele ya karani nikiwa na baba wakwe wawili, mmoja wa kwangu na mwingine wa kuazima.

Ilikuwa kambini, upande wa Kibondo, miaka ile ya tisini tulipokuwa tumevuka kutoka Burundi. Kadi yetu ya chakula ilikuwa na watu wanne: mimi, wanangu wawili, na Databukwe, ndivyo tunavyomwita baba mkwe kwetu. Mume wangu alipotelea njiani tulipokimbia na hatukupata habari zake tena, kwa hiyo mzee yule ndiye aliyekata kuni, ndiye aliyebembeleza mtoto nikienda kuteka maji, ndiye niliyebaki naye, na nilimpenda, nasema wazi.

Sasa kambi ilikuwa na masharti yake. Usitoke bila kibali. Siku ya kuhesabiwa kila aliye kwenye kadi aje mwenyewe, achovye kidole kwenye wino, na asiyekuja anakatwa jina, chakula chake hakuna tena. Ukidanganya, kadi nzima inazuiwa. Tuliyajua yote, yalitangazwa kwa kipaza sauti mpaka watoto wakayageuza wimbo wa kuchezea.

Databukwe alikuwa fundi wa kusuka vihenge vya mahindi, na wiki ile Muha mmoja, mwenyeji wa kijiji cha Kitahana, alimwita amalizie cha kwake, malipo ndizi. Akaondoka alfajiri (kibali hana, msiniulize) akaniambia atarudi kabla foleni haijatufikia. Basi siku hiyo makarani, ambao siku zote huenda kama wamefungwa kamba miguuni, wakaamua kuchapa kazi. Ningesema tu kwamba mzee amechelewa, mambo yangeisha, maana baadaye nilikuja kujua wachelewaji walipangiwa foleni yao jioni. Lakini mimi kuuliza sikuuliza. Nilimwona jirani yetu, Mzee Gervasi, amekaa kwenye gogo anangoja zamu ya kadi yake, nikamwendea.

"Mzee, nisaidie. Simama na sisi kidogo, uwe Databukwe."

"Kusimama tu?" akacheka. "Kusimama si kazi, mwanangu."

Na kweli haikuwa kazi. Karani, kijana wa Tanga aliyeletwa huku kikazi, alikuwa amechoka na vumbi, hakuuliza jina la mtu, akahesabu vichwa vinne, akachovya vidole vinne, haya, wengine. Nikaondoka pale natembea kama mke wa mkuu wa wilaya.

Mzee Gervasi akaenda kupanga mstari kwa kadi yake mwenyewe, na hapo ndipo akili iliponirudia, imechelewa. Kidole chake kilikuwa na wino tayari. Wakamwambia wewe umeshahesabiwa, toka. Akageuka akaniangalia kwa mbali, ameinua kile kidole tu. Mzee wa watu alikuwa anapoteza chakula chake kwa sababu alikubali kunisaidia.

Na kama hiyo haitoshi, Databukwe akatokea, mkungu wa ndizi kichwani, jasho linamtoka, akaenda moja kwa moja kwa karani na kumnyooshea kidole kisafi kwa adabu zote.

"Kadi hii mzee wake ameshapita," karani akasema, kisha akatuita wote watatu. "Mama, mkweo ni yupi?"

Nikamwonyesha Databukwe kwa mkono.

"Umeshanidanganya mara moja. Jina lake ninalo hapa kwenye orodha, litaje wewe. Wazee mnyamaze. Likilingana, kila mzee anabaki kwenye kadi yake. Usipolitaja, nawakata wote wawili."

Jamani. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki kwa hasira, hatamki ndotoni. Ulikuwa mwaka wa tisa tangu niolewe na jina lile halijawahi kupita mdomoni mwangu.

"Karani, muulize mwingine yeyote," Databukwe akasema. "Huyu hawezi."

"Hawezi au halijui?" Akamgeukia mwanangu mkubwa. "Babu yako anaitwa nani?"

"Sogokuru," mtoto akajibu, yaani babu.

Foleni nzima ikacheka, halafu ikanyamaza, kwa sababu wote walikuwa watu wa kwetu na walijua ninachotakiwa kufanya. Nikamtazama Mzee Gervasi na kidole chake. Nikamtazama Databukwe, ambaye alikuwa ameinamisha macho ili nisimwone akinisikia. Nikavuta pumzi, nikataka kulinong'ona, na jinsi nilivyokuwa nimelibana miaka yote ile likatoka kwa kelele, mpaka wa mwisho kwenye foleni wakalisikia (jina lenyewe msilisubiri hapa, mara moja inatosha). Wanawake wakashika midomo. Mimi nikachuchumaa nyuma ya meza ya karani na kitenge kichwani, na huko chini nikamsikia akisema limelingana.

Wazee wakabaki kwenye kadi zao. Ya kwetu ikazuiwa mgao mmoja kwa udanganyifu, na siwezi kuupamba mgao ule, tulikula zile ndizi mpaka zikaisha, kisha tukala bakuli la maharage ambalo mke wa Gervasi alituletea kila alipoweza, na siku nyingine watoto walilala wanalia.

Lakini jioni ile ya kwanza nilimpelekea Databukwe maji ya kunawa, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Akanawa taratibu.

"Mukazana wanje," akasema, yaani mkwe wangu, "tangu bibi wa hawa watoto afariki hakuna aliyeniita kwa jina. Hapa kambini mimi ni mtu wa nne wa kadi ya watu wanne. Leo nimesikia jina langu, nikajua bado nipo." Akajifuta mikono, akanitazama sana. "Ila usizoee."

Sikuzoea. Na tangu siku ile mtu wangu akichelewa, nasema amechelewa.