Koti la Bujiku

Mama Mageni, jina la ubatizo Scolastika, alikuwa mpiga pasi pale Mhunze. Walimu na makarani walimletea nguo, naye alizinyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka karani akafanana na mkurugenzi. Aliyemhangaisha ni mumewe, Bujiku. Miaka yote aliyosaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe, kule Katoro, Bujiku alirudi nyumbani mweupe kwa vumbi kuanzia kope hadi kucha, na mkewe hakumruhusu kumsalimia hata mama yake mzazi kabla hajaoga na kubadili shati. Vumbi la nje alilimudu. Lililoingia kifuani halikutoka.

Kifua kilipomshinda kazi, Bujiku alikubali kumsindikiza mfanyabiashara mmoja kwenda Shinyanga mjini. Gari likasimamishwa, dhahabu isiyo na kibali ikakutwa chini ya kiti. Mwenye mali akatimua mbio. Mgonjwa akabaki, kwa kuwa hakuwa na pumzi za kukimbilia. Akasomewa shitaka la uhujumu uchumi. Hakimu hakuwa na uwezo wa kutoa dhamana kwa kesi nzito namna hiyo, kwa hiyo kila Bujiku alipofikishwa mbele yake aliambiwa upelelezi haujakamilika, akarudishwa mahabusu. Mvua zikanyesha, watu wakavuna, zikanyesha tena, upelelezi bado. Sijui walikuwa wakipeleleza nini, maana dhahabu walikuwa nayo na mtu walikuwa naye.

Ndipo wakili Thobias alipopeleka ombi la dhamana Mahakama Kuu, kwa hoja moja tu, kwamba huyu mtu anakwisha.

Mama Mageni alifurahi, akafanya alichokijua. Siku za kumtembelea gerezani alikuwa ameona jinsi suruali ilivyomporomoka kiunoni. Akaipunguza kwa mkono wake, shati akalibana mbavuni, akavipiga pasi pamoja na koti ambalo Bujiku alifungia ndoa, akavipeleka gerezani na kopo la mafuta. Mume wake asingesimama mbele ya Jaji kama mtu asiye na kwao.

Bujiku akaingia mahakamani amependeza, nguo zimemkaa sawasawa, uso unang'aa. Kikohozi kilipopanda alikimeza, maana alilelewa asimkoholee mkubwa. Mkewe, kwenye benchi la nyuma, aliona mishipa ya shingo ikimsimama, akamsifu moyoni. Thobias akasoma cheti cha daktari. Wakili wa serikali hakukibishia; alimwomba Jaji amtazame tu mwombaji. Jaji, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akamtazama kwa muda. Kisha akasema gereza lina zahanati, na haoni sababu ya kumtoa. Hali ikibadilika, ombi liletwe upya.

Walipotoka nje, Thobias aliuliza bila ukali, “Mama Mageni, nani alimvalisha hivi?”

Akajibu ni yeye. Wakili akatazama pembeni, na hapo ndipo Mama Mageni alipoelewa. Akaketi palepale kwenye ngazi za mahakama, akalia kwa aibu, watu wakimpita.

Ombi la pili lilikaa miezi kabla ya kupangiwa tarehe. Safari hii hakupeleka chochote, wala mafuta. Koti, alilokuwa amerudishiwa na magereza, alilifungia sandukuni ili Jaji auone mwili ulivyo. Lakini faili lilipoitwa, kizimba kilikuwa kitupu. Askari magereza akaeleza kwamba mwombaji ameshindwa kuinuka, amelazwa hospitali. Jaji alisikitika kweli. Hata hivyo alitaka kumwona kwa macho yake kabla ya kuamua, akaahirisha mpaka aweze kuletwa.

Jioni hiyo Mama Mageni aliruhusiwa kuingia wodini. Bujiku alikuwa amelala, mkono mmoja umefungwa pingu kitandani, ingawa asingeweza kufika hata mlangoni.

“Koti umeleta?” akamuuliza.

“Limebaki nyumbani, Baba Mageni.”

Akafumba macho. “Sasa nitasimamaje mbele ya Jaji?”

Mama Mageni akamwahidi kwamba atalileta. Wiki iliyofuata alilileta kweli, limenyooka halina mkunjo, akamkabidhi mhudumu wa chumba cha maiti.