Kijiti cha Kupimia Dizeli

Iko siku moja ambayo naikumbuka kuliko siku zote nilizofanya vizuri, na siku hiyo sikufanya vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilisimama katikati ya shamba langu la kwanza, kando ya njia ya kutoka Isiolo kwenda Gotu, mbele ya trekta iliyokataa kuwaka, na mvua ilikuwa inakuja.

Mwanangu, tangu tumzike mke wangu, Mama Mwenda, vijana watatu wamefika hapa nyumbani kuuliza kama ile trekta nauza. Wanaizunguka, wanaipiga picha kwa simu, wanasema vyuma vya zamani ndivyo vilikuwa vyuma. Ni kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza inatunzwaje. Nimewaambia nitawajibu baadaye. Kama wewe ni mmoja wao, au una nia kama yao, keti kwanza usome haya. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitayasema yalivyokuwa tu, bila mapambo.

Sisi ni watu wa Meru, tulioshuka kutafuta shamba. Kule juu ardhi ilikuwa imegawanywa kwa baba zetu na ndugu zao mpaka ikabaki vipande vya kupanda sukuma wiki. Huku chini nilipata ekari za kutosha za udongo mweusi. Ulikuwa haujalimwa na mtu, na jembe la mkono halikuuweza. Ukikauka ni kama sakafu. Ukilowa unakushika viatu. Katikati ya hayo mawili, baada ya mvua ya kwanza, kuna siku chache tu ambazo udongo unakubali kulimwa. Ukizikosa, mvua kubwa inafuata, trekta inazama mpaka tumboni, na msimu umekupita.

Tulimuuza ng'ombe wetu wa maziwa, ambaye Mama Mwenda ndiye aliyemlea tangu ndama, na vitu vingine, tukapanda Meru kwa mzee mmoja aliyeitwa Ikiara. Trekta yake ilikuwa na umri kunishinda mimi. Rangi nyekundu ilikuwa imebaki penye grisi tu. Kiti kilikuwa cha chuma, kimetandikwa gunia. Saa ya mafuta ilikuwa imekufa zamani, na mahali pake kwenye dashibodi alikuwa amepaziba kwa kifuniko cha kopo.

Mzee Ikiara alisema, "Kijana, hii haiuzwi kama mbuzi. Kaeni hapa mpaka Jumamosi niwafundishe."

Nilikaa asubuhi moja. Nilijifunza klachi, breki, gia, na namna ya kushusha plau. Yaliyobaki niliona ni maneno ya mzee asiyetaka kuachana na kitu chake. Wakati yeye amefungua boneti anaonyesha nati moja baada ya nyingine, mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti, nimeshika usukani, nikiangalia barabarani kama kuna mtu ananiona. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lini.

Aliyekuwa karibu na mzee ni Mama Mwenda, na mtoto mgongoni. Alimshikia spana. Nilisikia akiuliza, "Na hii nati ya pili nayo unaifungua lini?" nikaona aibu kidogo, kwamba mke wangu anauliza mambo ya injini mbele ya watu. Mwishoni mzee alichukua kijiti chembamba chenye alama tatu za kisu, akampa yeye, si mimi.

"Saa ilikufa," alimwambia. "Saa ni hii. Pima kila asubuhi. Mafuta yakiisha kabisa, inameza upepo, na ikishameza upepo haitasikia mtu mpaka iutoe."

Tukashuka nayo polepole. Tulipita mjini Isiolo saa ya watu wengi, na nakiri kwamba nilichagua saa hiyo.

Mvua ya kwanza ilinyesha, jua likatoka, udongo ukawa sawa. Siku ya kwanza nililima vizuri. Majirani walikuja kutazama. Siku ya pili asubuhi Mama Mwenda alitoka kwenye trekta akiwa na kijiti mkononi.

"Baba Mwenda, nimepima. Imelowa ncha peke yake."

"Trekta haipimwi kama uji," nilimwambia. "Nitasikia kwa injini mafuta yakipungua."

Sikusikia kitu. Kabla ya saa sita injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza, plau ikiwa ndani ya udongo. Nilipanda baiskeli mpaka mjini, nikarudi na mtungi wa dizeli, nikamimina, nikapiga stata. Ilizunguka, haikuwaka. Nikapiga tena mpaka betri ikachoka.

Siku ya tatu waliitwa vijana kusukuma. Kulikuwa na jirani mmoja mcheshi, Ekal, ambaye alisukuma kwa mkono mmoja na kuongea kwa mdomo mzima.

"Hii kitu imekataa joto ya Isiolo! Inataka kurudi Meru ikunywe chai!"

"Sukuma, wewe!" mwenzake akamwambia.

"Nasukuma! Lakini niambie, hii ni trekta ama ni mkokoteni umepakwa rangi?"

Wote walicheka, mimi pia nikacheka, kwa sababu mtu anayesukumiwa hana namna nyingine. Ilisukumwa shamba zima ikaacha mitaro, haikuwaka. Mama Mwenda alikuja pembeni yangu akasema kwa sauti ya chini, "Yule mzee alisema habari ya upepo." Nilimjibu kwamba ni betri, na kwamba chai ya watu inachelewa. Hilo ndilo jibu nililompa. Alikwenda akapika chai.

Nilifungua betri, nikaipeleka mjini kuchajiwa. Ikala siku nzima. Siku ya nne niliirudisha, nikapiga stata, hadithi ikawa ileile. Mawingu yalikuwa yameanza kushika vilima vya Nyambene. Wale vijana walikuwa wameshachoka na mimi, wakaenda kwenye kazi zao.

Hapo ndipo alipopita Mzee Guyo. Alikuwa Mborana mfugaji aliyekuwa akinywesha ngamia wake upande ule, mtu mrefu, mpole, mwenye tasbihi mfukoni. Hakujua chochote cha trekta na hakujifanya kujua.

"Salaam aleikum. Habari ya hapa?"

"Si nzuri, mzee. Imelala siku ya tatu leo."

Aliketi chini, kwenye udongo, kama mtu asiye na haraka. Akauliza habari ya mvua, ya mtoto, ya majani, ya njia. Wafugaji hawaulizi jambo wanalotaka mpaka waulize mengine yote. Mimi nilikuwa naungua moyoni, nataka aondoke. Mwishowe akasema:

"Mimi ngamia ikipotea, namuuliza kila mtu njiani. Namuuliza mzee, namuuliza mtoto, namuuliza hata yule tuligombana naye kisimani. Kwa sababu ngamia haiangalii nani ameiona. Wewe umeuliza nani?"

"Nimeuliza mafundi mjini. Wanajua magari, hii hawaijui."

"Aliyekuuzia alikufundisha?"

"Alifundisha kidogo."

"Siku alifundisha, nani alikuwa hapo?"

"Mke wangu tu."

"Na yeye umemuuliza?"

Nilifuta vumbi la boneti kwa kiganja. Mzee Guyo aliniangalia, halafu akaangalia mawingu, halafu akaniangalia tena. "Kijana," alisema, "wewe ngamia yako haijapotea. Iko nyumbani kwako imefungwa, na wewe unazunguka Isiolo yote ukiitafuta." Akasimama, akapangusa kikoi chake, akaenda kwa wanyama wake.

Nilitembea mpaka jikoni. Kutoka pale shambani si mbali, lakini nilikwenda polepole. Nilimwambia Mama Mwenda, "Njoo utazame." Sikusema tafadhali. Alimpa mtoto kijiko cha kuchezea, akamfunga mgongoni, akachukua spana kutoka chini ya kitanda, ambapo mimi sikujua kwamba ipo, akaja.

Kazi yenyewe haikuchukua muda wa chai kuchemka. Alilegeza nati ndogo juu ya chujio la dizeli, akaniambia nipige ile pampu ya mkono. Kwanza ilitoka povu. Kisha mapovu machache. Kisha dizeli safi, isiyo na povu. Akakaza. Akahamia nati ya pili, ile aliyoiuliza siku ile kule Meru, tukafanya vilevile. Akakaza. "Sasa," alisema. Nilipiga stata, ikawaka mara moja, moshi mweusi ukatoka, mtoto akaanza kulia kwa kelele.

Nilimuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ya tatu niliogopa watu wakikusikia ukinijibu."

Mwanangu, kama ningeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya kijana mwenye kiburi aliyefundishwa akafundishika. Wapo wengi hao. Lakini muungurumo wa trekta ulimfikia Ekal alikokuwa, akaja mbio na wenzake wawili.

"Aaa! Imeamka! Nani ametengeneza?"

Mama Mwenda alikuwa amesimama pale, spana ndani ya leso yake, mikono inanuka dizeli. Nikasema, "Nimeitengeneza."

Neno moja tu. Ekal akanipiga bega. "Wewe ni fundi kweli! Kumbe ulikuwa unatuficha!" Mama Mwenda aliangalia chini, akapangusa mikono, akarudi jikoni. Hakulisema jambo lile siku hiyo, wala siku nyingine yoyote katika miaka yote tuliyokaa pamoja.

Nililima mpaka giza. Mvua kubwa ilifika kabla ya asubuhi. Nusu ya shamba ilipandwa ndengu, nusu ikabaki majani. Ndengu za ile nusu zilitulisha kwa muda, zikaisha. Mwaka huo Mama Mwenda alipanda Meru kuchuma kahawa ya watu, na mtoto mgongoni, ili tufike msimu uliofuata. Siku tatu za kiburi changu yeye ndiye aliyezilipa kwa mikono yake, na ng'ombe wake alikuwa ameshakwenda.

Baada ya hapo trekta haikukosa mafuta tena. Mimi niliendesha, yeye alipima. Kila asubuhi ya kulima alitumbukiza kijiti, akakifuta, akasema "tosha" au "ongeza", nami nikatii bila kubisha. Watu wa huku kwetu Ngare Mara walianza kuniita Fundi. Wengine bado wananiita hivyo. Niliitikia. Kuna uongo ambao mtu huusema mara moja, kisha watu wengine wanamsemea maisha yake yote, na yeye kazi yake ni kuitika tu.

Siku ya mazishi watu walizungumza vizuri juu yake. Walisema alikuwa mama wa maombi, mwenye mkono mzuri wa kupika, asiyefukuza mgeni. Yote ni kweli. Kisha mmoja akasema kwamba mumewe ndiye aliyefungua ardhi hii kwa trekta, yule Fundi, na watu wakaitikia kwa vichwa wakinitazama. Mzee Guyo alishatangulia mbele ya haki. Ekal alihamia mbali. Hakukuwa na mtu wa kunisuta. Nilikaa kwenye kiti changu, nikanyamaza kwa mara ya pili.

Kwa hiyo nasema hapa, ingawa yeye hasikii. Aliyeitengeneza ni Mama Mwenda. Aliyeitunza ni yeye. Mimi nilikuwa dereva.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu. Ukinunua chuma cha zamani, usinunue chuma peke yake. Nunua na siku za aliyekitumia. Akikwambia kaa mpaka Jumamosi, kaa. Kuuliza si ujinga, hilo umeshalisikia, lakini nakuongezea: uliza kwanza ndani ya nyumba yako. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huwezi kujua kwa kumtazama mtu ameshika nini, kijiko au spana. Na ukishaambiwa ukafaulu, watu wakija wakuulize nani amefanya, mtaje. Mtaje siku hiyohiyo, mbele ya watu haohao, yeye akiwa amesimama hapo. Usiseme utamtaja baadaye. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu ameshazaliwa, amekua, anakaa nami.

Kijiti kiko ukutani karibu na mlango wa jikoni. Alama tatu za kisu bado zinaonekana. Trekta nitamuuzia yule atakayekuja akaniuliza kijiti ni cha nini, akakaa mpaka nimalize kumjibu.

Mungu akupe mvua ya kiasi na udongo unaokubali. Akupe mtu wa kukuambia ukweli kwa sauti ya chini, na akupe moyo wa kumjibu kwa upole. Na siku dunia itakapokusifu kwa kazi ya mwingine, Mungu aufungue mdomo wako mapema kuliko alivyoufungua wangu. Amina.