Neno Ambalo Mama Mkwe Hakuweza Kulimeza

Mama mkwe wangu alifanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni tangu akiwa msichana hadi meno ya mbele yalipomtoka, na kazi yenyewe ilikuwa neno moja. Mtu akisukuma mlango, yeye anasema karibu. Akiwa anapanga funguo, karibu. Akiwa na chakula mdomoni, karibu. Nyumba ile ya wageni ilifungwa zamani, lakini neno halikustaafu. Paka akiingia jikoni anakaribishwa. Mvua ikianza kugonga bati inakaribishwa. Mimi peke yangu, niliyeolewa na mwanawe nikiwa na nguvu zangu zote na akili yangu yote, sikuwahi kuambiwa. Siku niliyofika aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamuuliza mwanawe, "Ndiye huyu?" Kisha akanionyesha beseni la vyombo.

Hilo ningeweza kulimeza. Shida ni kwamba neno lake siku hizi linaua watu.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya watoto watakaozaliwa jua likisharudi, kama litarudi. Moshi wa viwanda ulipoifunga mbingu, wanyonya damu walitoka mafichoni. Mchana ulikuwa umegeuka rangi ya maji yaliyooshewa sufuria, nao wakatembea humo bila wasiwasi, kila mmoja na mwamvuli mweusi, jua lisije likachungulia ghafla. Haukupita muda wakawa wao ndio serikali. Tukaagizwa tuwaite Walezi. Barabarani hawagusi mtu, kazini hawagusi mtu, maana wakitumaliza nani atawafulia mashuka. Wanamchukua mtu nyumbani kwake tu, na nyumbani hawawezi kuingia mpaka mwenye nyumba awakaribishe. Mlango ambao hawajakaribishwa, kwao ni ukuta. Lakini ukishatamka, umejitakia mwenyewe, na hakuna pa kwenda kulalamika.

Basi mji mzima ukapoteza adabu. Mtu akipiga hodi anajibiwa, "Unataka nini?" Posa zinapokelewa dirishani. Wagonjwa wanajuliwa hali kutoka barabarani, kwa kelele, na mtaa wote unajua nani anaharisha. Fundi viatu wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akishonea nyumbani kwake, alikuwa ameandika KARIBUNI WATEJA juu ya mlango wake kwa rangi nyekundu, na hakukumbuka kufuta. Tulikuta nyundo yake na kiatu kilichoshonwa nusu.

Katika mji wa namna hiyo, mimi ndiye niliyeachiwa mama mkwe.

Niliachiwa kwa sababu mwanawe alikimbia. Waume wa wenzangu walikimbilia wanawake; wangu aliukimbia uzee. Alikuwa mtu wa kioo. Aliona unywele mmoja mweupe kwenye sharubu zake akashindwa kula siku nzima. Walezi walipotangaza kwamba wanapokea wanaume wenye sura nzuri wawe kama wao, wasizeeke kamwe, alichukua sanduku langu la harusi, akatoa nguo zangu, akazipanga kitandani zikiwa zimekunjwa vizuri, hilo sitamnyima, akajaza zake. Mlangoni akageuka. Binti yetu alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, amesimama na kikombe mkononi. Mume wangu akaniambia, "Mtunze mama. Hii ni nyumba yake."

Nyumba yake. Hapo ndipo panaponikaba mpaka leo.

Mimi ni dobi. Kila tofali la nyumba hii lilitoka kwenye povu. Nilifua mpaka kucha zikalainika kama karatasi, nikafua nikiwa na mimba, nikafua na mtoto mgongoni, huku mwanamume yule amesimama na mafundi, mikono mfukoni, akiwaonyesha kwa kidevu dirisha likae wapi. Nyumba ilipokwisha akaniletea karatasi niweke dole gumba. Nikaweka. Kusoma sikufundishwa na yeye alilijua hilo. Baadaye nikamsikia akiwaambia watu kwamba amemjengea mama yake nyumba, nao wakampa mkono wa pongezi. Mama mkwe akaamini, majirani wakaamini, na jambo likisemwa sana hata mimi nikaanza kutembea ndani kwa ncha za vidole. Tukikosana, mama mkwe alikuwa na kauli moja tu: "Hapa umenikuta." Ilhali tuliingia siku moja, mimi nikiwa na godoro lake kichwani.

Sasa huyo mwenye nyumba ndiye asiyejua kunyamaza.

Nilimfundisha ajibu "Nani?" Alishika haraka sana. Mtu akipiga hodi anasema, "Nani? Karibu." Nikamwekea bakuli la karanga kando ya kiti, nikamwagiza binti yangu, ukisikia hodi mjaze mdomo bibi yako. Hana meno ya kutafunia, kwa hiyo alizimung'unya upande mmoja na kukaribisha kwa upande wa pili. Nikamhamishia chumba cha nyuma. Huko akawa anasikia hodi za jirani na kuzijibu kupitia ukutani. Jirani, ambaye ni mshona nguo, alikuja kusimama nje ya dirisha langu na futi yake shingoni, akaniambia mzee wangu atamuua. Nikamwambia atulie, karibu ya mama mkwe haivuki ukuta. Akasema kwa sauti ile, inavuka.

Siku moja nikiwa kwenye kamba ya nguo nilisikia hodi ngeni, kisha lile neno. Nikatupa ndoo, nikakimbia. Nikamkuta Mlezi wa maji, yule anayepita kukagua mabomba, amesimama nje ya kizingiti anajipapasa paji la uso. Akasema atapita siku nyingine, akaenda. Nikadhani ameshiba. Sikuwa na kingine cha kudhani. Nilimshukuru Mungu, nikamfokea mama mkwe mpaka sauti ikakauka, naye akaniambia mgeni yule alikuwa na adabu kuliko mimi.

Binti yangu akatimiza miaka kumi na minane. Anafanya kazi kiwanda cha miamvuli, anafunga vyuma, na ulimi wake umechongwa hukohuko. Wiki ileile, mwenye mkokoteni anayeniletea mashuka ya Walezi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mume wangu anakuja. Anataka kiti kwenye meza ya wakubwa, na wakubwa hawampi mtu kiti mpaka alete mtoto wa damu yake, aliyemuuma kwa meno yake mwenyewe, na awe wa umri huo, kwa sababu umri anaoumwa nao ndio atakaobaki nao milele.

Nilipomwambia binti yangu, aliweka kijiko chini.

"Milele na baba?" akasema. "Mama, hata kunywa naye chai ilikuwa safari ndefu."

Alicheka, lakini kijiko hakukishika tena.

Nikamwomba mama mkwe aende kushinda kwa mshona nguo siku hiyo. Akakataa. Atokeje kwake na mwanawe anakuja? Nikamweleza yote, bila kuficha, kwamba yule haji kumsalimia, anakuja kumng'ata mjukuu wake na kumwondoa duniani. Akaniambia nina chuki. Ni kweli ninayo. Akaenda chumbani, akarudi amevaa koti lake la mapokezi, lile la buluu lenye vifungo vya shaba, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

Mume wangu alikuja alasiri. Tulimsikia akikunja mwamvuli. Kwa kuwa mlango kufungwa au kufunguliwa kwao ni sawa, binti yangu aliufungua. Alisema kama ni kuogopa, aogope akiwa anaona.

Alikuwa vilevile. Sijui nieleze vipi ubaya wa kumwona mtu yuko vilevile. Sharubu nyeusi, shingo nyororo, na mimi nimesimama mbele yake na miaka yake na yangu yote nimeibeba mwenyewe. Mkononi alishika sanduku langu la harusi. Tupu, kwa jinsi lilivyoyumba. Alilileta kwa ajili ya nguo za mtoto.

"Hodi, mama," akasema, akimtazama mama yake tu.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilimziba mama mkwe mdomo kwa kiganja, na kiganja cha dobi si cha mchezo. Akanilamba. Yule mzee, na koti lake la vifungo, alinilamba kiganja kama ndama. Nikautoa mkono kwa kinyaa, na neno likatoka.

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

Binti yangu alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Mume wangu akatabasamu, akanyoosha koti, akapiga hatua ya mtu anayeingia kwake. Tukasikia kishindo kama mtu amegonga kabati. Kofia ikadondoka. Hakukuwa na kitu pale mlangoni, hewa tu, lakini pua yake ilikuwa imelala upande.

"Sema tena, mama," akasema.

"Karibu."

Kishindo.

"Sema kwa nguvu."

Akasema kwa nguvu. Ukutani mshona nguo akapiga kelele kwamba tunataka kumaliza mtaa. Mume wangu akajaribu kwa bega, akajaribu kinyumenyume, akajaribu kuinama kama anayepita chini ya kamba. Mwishowe akasema nyumba ni yake, anajikaribisha mwenyewe, na hapo akagonga kuliko mara zote. Binti yangu alianza kucheka kwa kwikwi, kicheko cha mtu aliyekuwa anataka kulia.

Mama mkwe ndiye aliyenyamaza. Alikitazama kizingiti, akamtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Maisha yake yote alikuwa amekaa na milango.

"Kwani nyumba hii ni ya nani?" akauliza.

Jibu lilikuwa limevimba kwenye paji la uso la mwanawe.

Yeye naye alishaelewa. Akaokota kofia, akanigeukia, na sauti ikawa ile ya wakati ananichumbia, ambayo nilidhani imekufa pamoja naye.

"Mke wangu," akasema. "Nilikukosea. Nyumba ni yako, mikono yako ndiyo iliyojenga, na siku zote nilijua. Niambie niingie, tuzungumze kama watu wazima."

Maneno hayo niliyasubiri mpaka nikaota mvi. Nilishayapanga kichwani nikiwa nafua, yeye atasema hivi, mimi nitajibu vile, na majirani watakuwepo. Sasa yamekuja, matamu kuliko nilivyoyapanga, kutoka kwa mtu ambaye jicho lake halikutoka kwenye shingo ya mwanangu. Hata hivyo nikasogea mlangoni. Nikafungua mdomo, na mpaka leo siwezi kuapa lilikuwa linakuja neno gani.

"Mama," binti yangu akaniita kwa sauti ndogo.

Nikafumba mdomo.

Mama mkwe akainuka. Akafunga kifungo cha juu cha koti, akaenda mpaka mlangoni, akasimama wima kama sijawahi kumwona, akaongea kwa sauti ya kazini.

"Samahani sana, bwana. Tumejaa."

"Mama, ni mimi."

"Nakuona. Tumejaa. Jaribu mtaa wa pili." Akashika kitasa. "Na sanduku la watu liache hapo."

Mwanawe akaliweka chini. Mtu anaweza kukosa kifo na bado akamwogopa mama yake. Mama mkwe akanyoosha mkono akalivuta ndani, kisha akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza, kama wanavyofundishwa, mgeni asijisikie vibaya.

Alirudi kitini akalia kimya kimya mpaka giza likaingia. Ni mwanawe, mtu asimcheke. Sikumbembeleza. Nilimwekea chai na kumwongezea sukari, hapo ndipo uwezo wangu ulipoishia. Binti yangu alilala chumbani kwake mlango wazi, akakoroma kama fundi.

Asubuhi nilikuwa jikoni nakunja mashuka. Nikasikia hatua za mama mkwe zikija, zikasimama. Hajawahi kusimama kwenye mlango huo. Huwa anaingia na kuanza kufunua sufuria.

"Hodi," akasema.

Kwanza niliangalia mlango wa nje kama una komeo. Lilikuwepo. Kisha nikaendelea na shuka langu. Nikalikunja pembe kwa pembe, nikalipapasa mikunjo ikae. Nikachukua la pili. Yeye alikuwa bado amesimama, mikono imeshikana mbele, hanung'uniki, anangoja.

"Nani?" nikauliza.

"Mgeni wako."

Nikamwangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Karibu," nikamwambia, nikamwonyesha beseni la vyombo.