Nilivyoposa Nikiwa Chooni

Kiingereza changu nilikipatia masikioni, kwenye ghala moja la Louisville, nikipanga maboksi huku simu inanisomea riwaya. Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndefu kama mwaka wa njaa, habari za kijiji kimoja cha Uingereza enzi za Malkia Victoria. Binti wa mkulima anaozwa kwa mwenye shamba la jirani, mwanaume ambaye hajawahi hata kumsalimu. Wazee wanapatana, mchungaji anatangaza, mashangazi wanashona gauni. Binti mwenyewe haulizwi na mtu. Nilikasirika mno! Siku moja nilimfokea yule bwana harusi kwa sauti, "Muulize basi, mjinga wewe!" mpaka msimamizi wangu akaja kuniuliza kama niko sawa.

Bon. Mwezi huohuo mama akaniambia nimepatiwa mke.

Tulikuwa tunaishi Shively, pembeni mwa Louisville, mimi na mama, na nilikuwa na miaka thelathini na saba pamoja na kipara kinachokuja bila haraka. Mama alishachoka kunipikia. Binti alikuwa Buffalo, kazi yake kuhudumia wazee, na familia yao na yetu zilitoka mlima mmoja kule Kivu ya Kusini. Nilitumiwa picha yake. Amevaa koti kubwa la baridi, anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha, nikamwonea wivu mtu huyo. Tukaanza kupigiana simu za video, ila shangazi yake alikuwa anakaa pembeni yake kama askari wa mpakani, donc, basi, tuliongea hali ya hewa tu. Buffalo kuna theluji. Louisville kuna mvua. Nikamwambia mama nimependa, na kweli nilikuwa nimependa, tena vibaya sana.

Sasa shida yangu ni maziwa. Mimi mtoto wa wafugaji, niliyekulia nyuma ya ng'ombe, nilipofika Amerika tumbo langu lilibadilisha uraia kabla yangu. Glasi moja tu, nakimbia. Aliyejua ni mama peke yake, naye alinikataza nisilitaje popote, maana kwetu mwanaume akikataa maziwa ya ukweni amekataa ng'ombe, nyumba na binti kwa pamoja.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo, anayekaa Whitehall, pale Columbus. Ijumaa, tukiwa njiani kwenda Buffalo kuposa, tukalala kwake, na asubuhi akaingia kwenye gari na suti yake na kofia yake na fimbo ambayo haimsaidii kutembea. Njia nzima alikuwa ananifundisha.

"Kule wewe hausemi kitu. Mimi ndiye mdomo wako. Wewe ni wa kuangaliwa tu."

"Na wakileta maziwa, baba mdogo?"

"Unakunywa! Hilo nalo ni swali?"

Kunyamaza ndiyo kazi niliyopewa, na niliianza mapema.

Buffalo tulikuta sebule imejaa watu mpaka kwenye mikono ya viti. Binti hakuwepo, desturi inamtaka afichwe chumbani mpaka aitwe. Baba mdogo akasimama, akasema tunatafuta mtamba wetu aliyepotea na nyayo zake zimetufikisha mlangoni pao. Msemaji wao akajibu kwamba hapo hakuna mtamba, labda tumekosea barabara. Watu wakacheka, kwa sababu kila mtu anaujua mchezo huo. Baba mdogo akanogewa. Akaanza kunipamba.

"Huyu mtoto ana miaka makumi tatu. Ana nyumba yake. Na maziwa anakunywaka kushinda ndama!"

Nikatazama zulia. Koko wa binti, mama mzaa baba yake, aliposikia habari ya ndama alifurahi kupita kiasi. Akaleta kibuyu, maziwa yamenunuliwa kwa mzungu mmoja mwenye ng'ombe nje ya mji, bado yana uvuguvugu. Nikanywa yote. Akajaza tena. "Kunywa, mwana wangu," akasema, na macho yake yana machozi ya furaha. Mungu wangu! Nikanywa tena.

Choo cha apartment ile kiligawana ukuta na sebule. Sitaeleza mengi. Niseme tu kwamba msemaji wao alikuwa katikati ya sentensi na hakuimaliza. Mtoto mmoja akasema "Oh my God!" na watoto wenzake wakaangua kicheko. Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Nilijua nimemkosa yule binti, na iliniuma kuliko tumbo.

Mlango ukagongwa. Sauti niliijua kutoka kwenye simu. Chumba alichofichwa kilikuwa mkabala na choo.

"Uko muzima?"

"Niko," nikadanganya.

"Eti una miaka makumi tatu?"

"Thelathini na saba."

"Na nyumba?"

"Ya kupanga. Chumba kikubwa ni cha mama."

"Na maziwa?"

"Si umesikia mwenyewe."

Akacheka kicheko kilekile cha kwenye picha, na safari hii alikuwa anacheka na mimi. Hapo ndipo nilipokumbuka ghala na makelele yangu. Miezi yote hiyo ya theluji na mvua, mimi mtetezi mkubwa wa mabinti wa Uingereza, sikuwa nimemuuliza. Bwana harusi mjinga alikuwa ndiye huyu hapa, suruali magotini.

"Na wewe," nikamwambia kupitia mlango, "unanitaka? Usiniambie jibu la baba yako. Ukisema hapana, nitawaambia nimekataa mimi. Hakuna atakayekulaumu."

Nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Niliporudi sebuleni hakuna aliyenitazama usoni, na baba mdogo alikuwa ameikumbatia fimbo yake. Kwa adabu tu, binti akaitwa. Baba yake akamuuliza kama anakubali. Desturi inamtaka ainame na kutikisa kichwa, basi. Yeye aliinama vizuri kabisa, halafu akafungua mdomo.

"Papa, kuko wengine walikuja mbele ya huyu. Wote waliongea na wewe. Huyu ameniuliza mimi."

"Amekuuliza?" Baba yake akageuka kunitazama. "Amekuuliza wapi?"

"Akiwa chooni, papa."

Nilitamani zulia linimeze. Lakini yeye alikuwa bado ameinama kwa heshima zote, na sauti yake haikutetemeka.

"Nimekubali," akasema. "Koko, ayo maziwa muyaondoshe apa."